Baba na Mimi Tulivyokwenda Kumwona Eliamini Akiogelea

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye wodini, kanisani au gulioni ananiuliza, "Sista Namsifu, ilikuwaje huko?" Nami hujibu, "Tulifika, tukaona," kwa sababu mgonjwa anangoja sindano au mvua inanikimbiza. Jibu hilo halimtoshi mtu, na mimi mwenyewe halinitoshi. Basi nakaa leo, siku yangu ya mapumziko, niwaandikie wote kwa pamoja.

Gonja hadi Kisiwani

Wengi mnamjua baba yangu, Mzee Mrindoko. Kwa asiyemjua, yeye ndiye mlinzi wa ndiva ya kijijini kwetu, lile bwawa la udongo linalojaa maji ya mlimani usiku kucha ili alfajiri yafunguliwe yateremke mashambani. Kazi hiyo aliianza kabla sijazaliwa. Na katika watoto wote waliowahi kufukuzwa kwa fimbo kutoka ndivani, hakuna aliyefukuzwa mara nyingi kama mwanawe mwenyewe, mdogo wangu wa mwisho, Eliamini. Kuogelea mle ni marufuku. Watoto huvuruga tope, tope huziba mlango wa maji, na mahindi ya watu hukauka.

Eliamini alipokua akaenda jeshini. Huko Dar es Salaam wakubwa wake wakamwona baharini, wakamtia mikononi mwa mwalimu wa kuogelea, na mwaka huu akachaguliwa kwenda Nairobi na timu ya taifa, kwenye yale mashindano ya nchi nyingi yenye riadha, ndondi, mpira na mengine mengi. Habari alituletea askari mwenzake, mwenyeji wa Ndungu, aliyekuja likizo. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa, akasema, "Eliamini anasema ni Jumamosi alasiri. Anasema, Baba aje."

Nilicheka. Baba hakucheka.

"Nitakwenda," alisema.

"Nairobi, Baba? Na macho hayo?"

"Ndiyo maana nakwenda. Nikamwone wakati bado kuna kitu ninachoona."

Mimi muuguzi, nayajua macho yake kuliko ninavyotaka kuyajua. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Muda mrefu nilikuwa namsihi aende Moshi akapasuliwe, na kila mara jibu lilikuwa hilohilo: "Hata kuku simchinji kwa kumtia kisu jichoni." Alibaki akiona mwanga, vivuli na vitu vinavyotembea. Njia ya kwenda ndivani aliijua kwa miguu. Mimi alinijua kwa sauti.

Mama hayupo siku nyingi, Mungu amrehemu, kwa hiyo safari ilikuwa yetu wawili. Wifi yangu alituchemshia magimbi ya nusu gunia, akatujazia sufuria la makande na kulifunga kwa kanga kuukuu. Tukapanda basi la Same Jumatano asubuhi, Baba amevaa koti lake la kanisani na kofia, fimbo mkononi.

Hatukufika Same siku ile. Kabla ya Kisiwani springi ilikatika kwa mlio ambao abiria wote tuliufahamu, tukashuka kimya kimya kama watu waliozoea. Dereva akaingia uvunguni, akatoka, akasema springi nyingine iko Same, kama ipo. Mnaijua hali ilivyo: gari likiumwa, dawa yake haipo dukani, lazima mtu amjue mtu. Kondakta akaondoka kwa baiskeli ya kuazima.

Baba alikaa kwenye jiwe, akanyoosha mkono. "Namsifu, lete makande."

"Baba, hayo ni ya njiani mpaka Nairobi."

"Hapa si njiani?"

Akagawia basi zima. Mtoto mchanga tu ndiye ambaye hakula. Kisha mama mmoja wa Kisiwani aliyekuwa anarudi kwake alituambia, "Mzee wangu, mtu aliyenilisha halali barabarani," akatuchukua nyumbani kwake, akatupa kitanda chake, yeye akalala chini na binti zake. Jina lake alituambia ni Mama Zaituni. Akipita hospitali yetu, tafadhali mniite hata kama nimelala.

Same

Springi ilifika Alhamisi, nasi tukaingia Same jua likiwa kali na upepo ukisukuma vumbi barabarani. Tulidhani kazi ngumu imekwisha, maana pale ni barabara kuu na mabasi ya kutoka Dar kwenda Moshi na Arusha hupita. Yalipita kweli. Moja halikusimama kabisa. La pili lilisimama, kondakta akachungulia, akaniambia, "Sista, hata sindano haiingii," akagonga bodi likaondoka. La tatu lilichukua askari mmoja aliyekuwa nyuma yetu.

Mpaka kesho yake asubuhi tulikuwa palepale, karibu na kituo cha mafuta. Baba alikuwa amekwisha kusalimiana na nusu ya mji. Ilikuwa Ijumaa, na Eliamini angeogelea Jumamosi.

"Turudi, Baba," nilisema. "Hatutawahi."

"Wewe rudi. Mimi niache hapa na magimbi."

Ndipo lori kubwa likaegesha, limefunikwa turubai lenye matundu, magurudumu yake yote meupe kana kwamba limepita kwenye unga. Dereva aliteremka kunywa chai. Mtu wa makamo, mfupi, mwenye kope nyeupe. Akamwona Baba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kusaga nini?"

"Jasi, Mzee. Ya Makanya. Naipeleka Athi River, kwenye kiwanda cha saruji."

"Athi River iko wapi?"

"Kenya. Hapo hapo Nairobi, ukifika ni kama umefika."

Baba akanigeukia, au tuseme aligeukia upande niliokuwapo. "Namsifu, beba mzigo."

Na Ramadhani mpaka Namanga

Huyo dereva ndiye Ramadhani. Wazazi wake walitoka Singida kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, upande wa Hedaru. Anajua Kinyaturu cha mama yake, Kipare cha kununulia, na Kiswahili cha kuchekesha watu. Alituketisha mbele pamoja naye, na kabla hatujafika Mwanga alikwisha kujua habari zetu zote.

"Sasa huyo mdogo wako anashindana na nani?"

"Wako wanne," nilisema. "Wanapokezana." Nilikuwa nimeambiwa hivyo na yule askari, wala sikujua zaidi.

"Wanapokezana kijiti? Kama wa mbio?"

"Nadhani."

Ramadhani aliendesha kwa muda akifikiri. "Majini? Anakishika kwa meno?"

Baba alisema bila shaka anakishika kwa meno, maana mikono inapiga maji. Ramadhani akauliza kijiti kikizama je. Baba akasema kijiti hakizami, ni mti. Basi wakaendelea hivyo, wakijadili ni mti gani unafaa, mpaka Himo. Mimi niliwaacha. Nilikuwa naangalia nje nikihesabu milima kimoyomoyo na kuomba lori lisipate pancha.

Tulipata pancha mbili. Ya pili ilikuwa baada ya kupita Moshi, na gurudumu la akiba lilikuwa limekwisha kutumika kwa ile ya kwanza. Ramadhani aliziba tairi kwa kipande cha mpira na gundi aliyoipasha moto, akiimba. Tulilala Arusha kwa dada yake, ugali kwa mchicha, watu wengi kwenye mkeka mmoja, na alfajiri ya Jumamosi tukawa tunaelekea mpakani.

Namanga tulikaa sana. Ya makaratasi siwaelezi, yanachosha hata kuyakumbuka. Niseme tu kwamba ofisa mmoja alilichoma gunia letu kwa chuma kutafuta kitu cha magendo, akatoa gimbi. Akalitazama. Akachoma tena, gimbi jingine.

"Mnapeleka magimbi Nairobi?" aliuliza. "Nairobi hakuna chakula?"

"Sijui, mwanangu," alijibu Baba. "Sijafika bado. Utatuachilia lini nikakuletee jibu?"

Yule ofisa alicheka mpaka akaketi. Akala moja, akatuachilia.

Juu ya jasi

Sasa tulikuwa upande wa pili, barabara imenyooka, na hesabu ya Ramadhani ilikuwa kwamba tungefika mapema mchana. Ndipo tukamwona mama wa Kimasai amesimama barabarani, si kando, katikati kabisa, mikono juu. Nyuma yake binti alikuwa amekaa chini, ameshika tumbo.

Ramadhani alifunga breki. Nikashuka, nikamgusa yule binti. Alikuwa na uchungu, wa mimba ya kwanza, bado wa mbali lakini si wa mbali sana. Yule mama alisema Kiswahili kidogo. Baba, ambaye utotoni aliuza miwa kwa Wamasai wa tambarare, alimuuliza kwa Kimaa. Akatuambia, "Zahanati iko Kajiado. Huyu ni mkwe wake."

Mbele ya lori pana nafasi ya watu watatu na dereva. Hakuna aliyeulizwa. Baba alikuwa ameshashuka na fimbo yake, anapapasa ubavu wa lori akitafuta pa kukanyaga.

"Baba, wewe kaa, mimi nitapanda juu."

"Mwenye uchungu anataka pa kujinyoosha. Panda, univute."

Basi tulisafiri juu ya jasi. Ramadhani alikwenda taratibu kwa ajili ya yule binti, lakini upepo wa uwanda ule haukuwa na taratibu. Turubai lilipigapiga, na kila lilipoinuka unga mweupe ulitoka kwenye matundu ukatupaka nywele, nyusi, masikio, mpaka ndani ya viatu. Nilimfunika Baba kwa kanga, akaiondoa, akasema anataka kuona. Nini? Sikumuuliza. Twiga walikuwa karibu na barabara, nikamwambia. Akatazama upande wao muda mrefu, akasema, "Kuna kitu kinatembea."

Kajiado nilimkabidhi binti kwa muuguzi mwenzangu, mama mnene mpole aliyenitazama weupe wangu wote asiulize kitu. Yule mama mkwe alimvua Baba kofia, akamtemea mate kidogo utosini kumbariki, akamrudishia. Baba alifurahi kuliko angepewa ng'ombe.

Mimi nilitazama jua. Lilikuwa limepita utosini.

Athi River palikuwa na foleni ya malori ya kuingia kiwandani, na Ramadhani asingeweza kuacha mzigo. Alikimbia kwa miguu kwenye ile foleni, lori moja baada ya jingine, mpaka akampata mwenzake aliyekuwa amepakia saruji na anaelekea mjini. Akatupandisha juu ya mifuko, akamkamata yule mwenzake shati.

"Kwenye uwanja wa michezo. Siyo karibu na uwanja. Kwenye uwanja."

Kisha akamwambia Baba, "Mzee, akikitema kile kijiti, uje unieleze."

Getini

Sijui niwaelezeje watu wale walivyokuwa wengi. Nchi zote, nguo za kila rangi, tarumbeta, polisi wa farasi. Tulishuka mbele ya geti la bwawa la kuogelea, Baba na mimi, weupe wa jasi, na vumbi la saruji juu yake, yeye na fimbo yake, mimi na gunia.

Kijana wa getini alisema tiketi zimekwisha.

Nilimweleza. Nilimwambia tumetoka Upareni, kwamba ndugu yangu yumo ndani na mzee huyu ni baba yake. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Pole, mama. Zimekwisha." Nyuma ya ukuta tulisikia filimbi na watu wakishangilia, na harufu ya dawa ya maji ikatufikia. Hapo, na ndugu yangu mle ndani, machozi yalianza kunitoka yakichora mistari usoni.

Ghafla mtu mwenye beji kifuani alitoka mbio kwenye mlango wa pembeni. Akatuona. Akatutazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Nyinyi ndio wa ngoma? Mbona mmechelewa hivyo?"

Nilifungua kinywa nikanushe. Baba akaniwahi.

"Kweli mwanangu, tumechelewa sana."

"Wenzenu wako ndani! Haraka, haraka!"

Akatushika mikono, akatupitisha. Ndani ya ujia tulikuta kikundi cha wachezaji wa ngoma, miili yao imepakwa chokaa kwa ustadi, mistari na madoa, si kama sisi tuliomwagiwa tu. Wakatutazama. Kiongozi wao, mama wa umri wangu mwenye njuga miguuni, aliuliza, "Nyinyi ni wa wapi?"

"Gonja," alisema Baba. "Tunacheza saa ngapi?"

Nilimweleza yule mama kweli yote kwa pumzi moja. Akaziba mdomo asicheke kwa sauti, akasema ngoma yao ni baada ya mbio, na akatuonyesha ngazi. "Pandeni, mkakae. Mkiulizwa, mko nasi."

Bwawani

Baba alikaa, akavuta pumzi, akaliona lile bwawa. Hata macho yale yaliliona, maana lilikuwa la buluu na linawaka.

"Ni maji yote hayo?"

"Yote, Baba."

"Yanakwenda shamba la nani?"

"Hayaendi popote."

Akatikisa kichwa.

Kando yetu alikaa dada mmoja wa Nairobi, amekuja na watoto wake. Nilimuuliza kama kuogelea kwa kupokezana kumekwisha. "Ya wanaume? Ndiyo hii inaanza sasa," alisema. "Wako wanne. Wa kwanza anaenda na mgongo, wa pili staili ya chura, wa tatu kipepeo, wa mwisho anaenda vile anapenda. Huyo wenu ni wa ngapi?"

"Anaogelea kama chura," nilisema. Hilo nililijua.

"Basi ni wa pili."

Nikauliza kuhusu kijiti. Hakuna kijiti. Mmoja akigusa ukuta, mwenzake anaruka juu yake, na akiruka kabla mwenzake hajagusa, timu nzima inaondolewa.

Wale wa kwanza waliingia majini, wakashika ukuta. Mlio ukapigwa, wakajirusha nyuma.

"Wanafanya nini?" aliuliza Baba.

"Wamelala chali, Baba."

"Wameumia?"

"Hapana, ndivyo wanavyokwenda."

Nikawa macho yake. Nilimtafuta Eliamini kwenye safu ya wale wa pili waliosimama ukingoni. Sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka miwili, na wote walikuwa na kofia za mpira na miwani ya majini, vifua wazi, bila jina wala bendera. Nikamchagua mrefu mmoja mwenye mabega kama ya kwetu, kwenye njia ya karibu. Wale wa mgongo walipogusa, akaruka.

"Ameruka, Baba! Yuko wa tatu! Anakwenda vizuri, anawakaribia!"

Watu walipiga kelele. Nilimpigia kelele yule mrefu kwa Kiswahili na kwa Kipare, yule dada wa Nairobi na watoto wake wakanisaidia. Nilikuwa nimemshika Baba mkono nikiuvuta kila mara yule mtu alipoinuka kuvuta pumzi.

Baba akauondoa mkono wake.

"Yule siye."

"Ndiye, Baba. Wa hapa karibu."

"Yule siye. Eliamini ni yule pale." Alinyoosha fimbo upande wa mbali, kwenye njia ya pembeni kabisa, ambako timu moja ilikuwa nyuma ya zote.

"Huoni, Baba."

"Mtu simwoni. Tazama anavyokwenda. Akiinuka anageuza kichwa begani, kushoto, kama anaangalia nani anamfuata."

Nikatazama. Yule wa mwisho aliinuka, kichwa kikageuka begani kushoto, akazama. Akainuka. Akageuka tena.

Ndugu zangu! Ndiye.

"Umemjuaje?"

"Nilikuwa namwona," alisema Baba. Hakuondoa uso wake majini. "Kila siku, kule ndivani. Nilikuwa nasimama kwenye migomba kwanza, namtazama mpaka afike ng'ambo. Halafu ndiyo naanza kupiga kelele."

Eliamini alikuwa amegeuka ukutani na anarudi. Aliingia majini timu yetu ikiwa ya mwisho kwa mbali, na sasa ule umbali ulikuwa unapungua. Mbele yake palikuwa na mtu mwenye kofia ya kijani. Mara wakawa sambamba, mara Eliamini akawa mbele.

"Amempita mmoja, Baba!"

"Nimeona maji yake yamepita."

Aligusa ukuta. Mwenzake akaruka juu yake. Na kwa muda wa mtu mmoja kufika ng'ambo tu, nchi yetu haikuwa ya mwisho. Halafu wa kipepeo wa kofia ya kijani akampata wetu, akampita, na wa nne wetu akaingia akiwa nyuma tena. Wengine walipokwisha kumaliza na kukumbatiana, yeye alikuwa bado anakuja, peke yake kwenye bwawa zima. Watu walisimama kumpigia makofi. Baba naye alisimama, akagonga fimbo sakafuni mpaka yule kijana akagusa.

Eliamini alitukuta chini ya ngazi, taulo shingoni. Alitutazama kana kwamba tumefufuka, weupe vile.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akainamisha kichwa. "Baba, mmetoka mbali kote huko. Tumekuwa wa mwisho."

"Nimekuona."

"Wa mwisho, Baba."

"Nimesikia. Nimekuona."

Akamshika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akimshika zamani kumtoa ndivani, ila sasa hakuvuta. Eliamini akalia. Wenzake watatu walijifanya wanatafuta viatu.

Jumapili, Nairobi

Siku iliyofuata vijana walipewa ruhusa, wote wanne wakaja nasi mjini kula. Tulikuwa tumeoga, kwa maji ya moto, nyumbani kwa yule dada wa bwawani aliyekataa tulale stesheni.

Mkahawani nilimwambia mhudumu, "Naomba chai." Akanijibu, "Hapa hatupeani bure, mama." Eliamini alimweleza kwamba kwetu mtu akinunua huomba. Yule mhudumu akastaajabu, akaenda kuwaambia wenzake jikoni, wakatoka kututazama.

Walileta sahani ya mahindi na maharage. Baba akaonja.

"Makande! Kumbe wanayajua!" Akatafuna zaidi. "Ila mahindi hayakukobolewa. Maskini."

Akawamegea vijana magimbi yaliyobaki, gimbi kwa kila mmoja, akimuuliza kila mtu kwao wapi na wazazi wake hawajambo. Yule wa nne, mwogeleaji wa mwisho, mtoto wa Tanga, alisema polepole kwamba yeye ndiye aliyewaangusha. Eliamini akamwambia asiseme hivyo. "Nilichoogopa ni kuruka mapema tu. Tumeruka sawasawa wote, matokeo yetu yameandikwa. Mwaka jana tuliondolewa, hatukuandikwa popote."

Wakati wa kuagana nilisimama mbele ya duka lililopanga sabuni dirishani kuanzia chini mpaka juu, nyeupe, za kijani, za waridi. Mnaokumbuka tulivyofua shuka za wodi kwa majivu mtanielewa. Nilisimama mpaka Eliamini akanivuta mkono. Kila mmoja wenu aliyepata kipande, kimetoka hapo.

Moshi

Tulirudi kwa basi la Namanga, tumekaa vitini kama waheshimiwa. Tuliposhika njia ya Arusha, Baba akanigusa begani.

"Yule Eliamini aliyempita. Alikuwa na kofia?"

"Ndiyo, Baba. Ya kijani."

"Sikuiona." Basi lilikwenda. "Kijani cha majani, au cha chupa?"

"Cha majani."

Tulipofika Moshi, abiria wa Same wakibadilisha gari, yeye alisimama na fimbo yake, hakufuata wenzake.

"Yule daktari wako wa macho," alisema. "Bado yupo?"

Sikumuuliza mara mbili asije akabadili mawazo. Nilimpeleka hospitali vilevile na vumbi la safari. Walimpasua jicho moja, wakalifunga, na siku alizolala pale wodi nzima ilijua habari za Eliamini. Kila alipozisimulia, bwawa lilikuwa refu zaidi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimuuliza, "Na mwisho wakashinda?" Baba akasema, "Kulikuwa na mmoja wa kofia ya kijani cha majani," akaanza upya tangu Kisiwani.

Asubuhi waliyomfungua bendeji, daktari alimvisha miwani ya kuazima, mizito kama vitako vya chupa. Nilisimama mlangoni. Baba alitazama shuka, akatazama vidole vyake, akavigeuza.

"Namsifu."

"Abee, Baba."

"Sogea hapa dirishani."

Nikasogea. Alinitazama kwa muda, uso, shingo, akarudi juu. Akakunja uso.

"Kumbe umeota mvi."

"Ninazo, Baba. Siku nyingi."

"Siku nyingi tangu lini?"

Nilicheka, na kicheko kikageuka machozi. Baba akanyoosha mkono moja kwa moja, bila kupapasa, akakishusha kitambaa changu cha kichwani kidogo mbele, kikakaa sawa.